Shangazi, kuta za nyumba ya bibi zinatoa chumvi

Assalaam alaykum Shangazi, na shikamoo.

Nakuandikia kutoka Maskati, nilikoolewa na ninakofanya kazi mwaka wa 11 sasa. Kwetu ni Kiponda, Mji Mkongwe, Zanzibar. Nyumba ilikuwa ya bibi mzaa mama, ni ya mawe, ina ghorofa mbili juu ya ile ya chini, na ua katikati. Bibi alipofariki ilibaki kwa mama, naye ndiye anayekaa chini mpaka leo. Kaka yangu mkubwa na familia yake wanakaa ghorofa ya kwanza.

Miaka miwili iliyopita nilianza kutuma fedha za kuitengeneza, kaka akawa msimamizi. Fundi wa mwanzo alikuta plasta ya zamani chumbani kwa mama inamong'onyoka, akaibandua yote, akapiga saruji tupu na kupaka rangi ya mafuta ya kung'aa. Nilipotumiwa picha nililia kwa furaha. Masika ya kwanza tu, rangi ikaanza kufura malengelenge kama ngozi iliyoungua. Ukiyatumbua unatoka unga mweupe, ukiuonja ni chumvi. Tukabandua, tukapiga saruji tena, safari hii imetiwa dawa ya kuzuia maji. Unyevu uliokuwa unaishia magotini sasa umefika kwenye kizingiti cha dirisha. Kanga za mama zinaota ukungu kabatini. Mama mwenyewe ana miaka 74 na usiku anakohoa.

Uani nako tulikutengeneza. Palikuwa na udongo, mawe machache ya kukanyagia na mkomamanga wa bibi. Kaka alichoshwa na matope, akamwaga zege ua mzima, ukuta kwa ukuta, na mkomamanga ukakatwa. Mvua ilipokuwa inaingia jikoni, akaezeka bati juu ya ua. Matope kweli yamekwisha, lakini chini kumekuwa kiza na joto, mama anasema hewa imesimama. Tukaweka viyoyozi viwili.

Sasa kuna fundi wa tatu. Huyu anasema dawa ni kubandika vigae ukutani, mita 1.5 kutoka chini, vyumba vyote. Kaka anataka pia tuvunje ukuta baina ya sebule na chumba cha wageni, kwa sababu vyumba vyetu ni vyembamba kama ujia na sofa alizonunua hazikai. Wifi yangu anataka bafu ghorofa ya kwanza. Na harusi ya binti wa kaka ni miezi minne ijayo, wageni watafikia hapohapo nyumbani.

Mimi nimebakiwa na fedha za kutuma mara moja tu. Nikimuuliza kaka maswali ananiambia, "Wewe uko kwenye baridi yako huko, huyaoni ninayoyaona." Wiki ya tatu hatuzungumzi. Mama tukimuuliza anajibu, "Fanyeni mnavyoona." Shangazi, nianze na lipi?

Binti wa Kiponda, Maskati

*

Wa alaykum salaam mwanangu, na marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale uliposema unyevu ulikuwa magotini na sasa umefika kwenye kizingiti cha dirisha. Jibu la fundi wako wa tatu limo humo. Ukuta huo mmeshauziba mara mbili, na mara zote mbili maji yamepanda juu kutafuta pa kutokea. Mkibandika vigae mita 1.5, maji yatapanda mita 2, na pengine yatazifikia boriti za dari. Kwa hiyo kabla hujamaliza kusoma barua hii, mtumie kaka yako ujumbe wa maneno mawili: vigae visubiri.

Sasa nikueleze ukuta wenu ni kitu gani, maana mafundi watatu wamepita na hakuna aliyekwambia. Ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, unene wake mara nyingi nusu mita au zaidi. Haukujengwa uzuie maji. Chini hakuna karatasi ya kuzuia unyevu kama tunavyoweka kwenye msingi wa tofali siku hizi. Ukuta huyafyonza maji ya ardhini kama utambi unavyofyonza mafuta ya taa, yanapanda kidogo, halafu yanatoka kwenye uso wa ukuta yakiwa mvuke. Plasta ya chokaa ina vijitundu visivyoonekana kwa jicho, inayaachia. Ndiyo maana bibi yako aliishi humo maisha yake yote na kanga zake hazikuota ukungu, ijapokuwa unyevu ulikuwapo siku zote.

Saruji haiachii. Ni ngumu kuliko mawe yenyewe na imejifunga. Rangi ya mafuta ndiyo imemalizia. Maji yakifika nyuma yake yanakwama, na yanapopata ufa yanatoka haraka na kuiacha chumvi. Chumvi ikikauka inageuka fuwele, na fuwele zinapokua zina nguvu ya kusukuma plasta na hata kulichana jiwe. Unga mweupe uliouonja ndio huo. Chumvi imo ardhini kwenu, kwani Mji Mkongwe umezungukwa na bahari; upande wa mashariki zamani mkono wa bahari ulipita, na daraja lililovuka hapo ndilo lililopapa jina la Darajani. Imo pia kwenye matumbawe yenyewe, na huenda imo kwenye mchanga walioutumia mafundi, kama ulichotwa pwani.

Kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe kwenye nyumba ya wazee wangu. Nililipia saruji mara mbili, mara ya pili nikalipa zaidi nikidhani ya kwanza ilikuwa ya rahisi. Aliyenionesha ni mwashi mmoja mtu mzima aliyekulia kwenye kazi ya chokaa. Alibandua kipande cha plasta upana wa sinia, akaniwekea kiganja changu ukutani, palikuwa majimaji. Akaniambia tusipaguse. Baada ya wiki mbili kipande kile kilikuwa kimepauka na kukauka, na plasta iliyokizunguka ingali inatoa jasho. Mwambie kaka yako afanye hivyohivyo: vipande vitatu vya sentimita 30 kwa 30, kimoja chumbani kwa mama, kimoja sebuleni, kimoja kwenye ukuta unaotazama ua. Haigharimu chochote, na atayaona kwa macho yake mwenyewe, si kwa maneno ya dada aliye Maskati.

Lakini usikimbilie plasta mpya. Maji yanayoulowesha ukuta kutoka juu na pembeni yakatwe kwanza, na nyumba yenu nadhani ina mengi. Anza na paa. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 40 ya siku moja ya masika, ni lita 4,000. Ziulizeni zinakwenda wapi. Kama gata limetoboka, au bomba la kuteremshia maji limekatika katikati ya ukuta, basi mnaunywesha ukuta mapipa kwa mapipa halafu mnailaumu ardhi. Kaka apande juu mvua ikinyesha, si jua likiwaka, aangalie kila kiungo. Akikuta mche umeota kwenye ufa wa ukuta, na mara nyingi huwa wa jamii ya mkuyu unaoletwa na ndege, aukate mapema ukiwa bado kama kidole, wala asiung'oe kwa nguvu kwani mizizi hutoka na mawe yake.

Kisha viyoyozi. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi watu huyaona machache. Yanadondoka usiku kucha, mahali palepale, mwaka mzima. Yaelekezwe kwa kijibomba mpaka kwenye mfereji. Halafu mabomba ya maji safi na chemba ya maji machafu: kona ambayo inabaki imelowa kiangazi kikavu, mvua haipo, ndani yake au chini yake kuna bomba linalovuja.

Haya yakishatengenezwa ndipo mje kwenye saruji. Ibanduliwe kwa nyundo ndogo na tindo, taratibu, kutoka juu kwenda chini. Mashine ya umeme ya kuvunjia isikaribie ukuta huo, inayatikisa mawe ya ndani na kuyaachanisha. Pale saruji iliposhika sana na jiwe linataka kutoka nayo, waiache kwanza. Chumvi ifagiliwe ikiwa kavu, kwa brashi, ikusanywe na kutupwa nje ya nyumba. Wasiioshe kwa maji, maana maji yataiyeyusha na kuirudisha ndani. Wafagie, wasubiri itoke nyingine, wafagie tena.

Halafu kuna kusubiri, mwanangu, na hapa ndipo wengi hushindwa. Ukuta wa nusu mita uliozibwa miaka miwili haukauki kwa wiki mbili. Unahitaji miezi mingi, hata mwaka. Wakati huo wote ukuta hautakuwa mzuri wa kutazama. Utakuwa mawe wazi yenye mabaka, na majirani watauliza kama fedha zimekwisha.

Utakapokuwa tayari, plasta iwe ya chokaa na mchanga, fungu moja la chokaa kwa matatu ya mchanga, na mchanga uwe usio na chumvi. Wauonje kama ulivyouonja unga. Chokaa iwe imelowekwa vizuri, kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Wanaoishika wavae glovu na miwani, chokaa mbichi inaunguza na jicho halina badala. Ipigwe tabaka nyembamba, kama sentimita moja, iachwe ishike, ndipo lifuate jingine. Chokaa haigandi kwa maji kama saruji, inaganda polepole kwa kuvuta hewa, kwa hiyo jua kali likiikausha ghafla inapasuka. Inafunikwa kwa magunia mabichi na kunyunyiziwa siku kadhaa. Fundi atakwambia atie saruji kidogo tu ili ikamate haraka. Hapana. Juu yake ipakwe chokaa ya maji, nyepesi, mikono mitatu au minne, wala si rangi ya plastiki.

Plasta ya kwanza ya chokaa huenda nayo ikamong'onyoka kwa chini baada ya miaka michache. Hiyo naiita plasta ya kafara. Inaivuta chumvi iliyobaki ukutani, inakufa yenyewe badala ya jiwe, unaibandua na kupiga nyingine. Ile plasta ambayo fundi wa kwanza aliikuta inamong'onyoka chumbani kwa mama yako ilikuwa kwenye kazi hiyohiyo. Tulichodhani ni ubovu ndicho kilichokuwa kinaulinda ukuta.

Nije uani, kwa sababu naamini nusu ya maradhi ya chumba cha mama yalianzia huko. Tazama kazi zenyewe: saruji ukutani, zege uani, na unyevu ukapanda. Udongo wa ua ulikuwa unapumua. Unyevu wa chini ya nyumba ulikuwa na uwanja mzima wa kutokea, na mkomamanga ulikuwa unanywa sehemu yake. Zege lilipomwagwa ukuta kwa ukuta, unyevu ule ukabaki na njia moja, nayo ni kuta. Na kabla ya bati, kila tone lililoanguka kwenye zege lilirukia ukutani.

Sisemi matope yarudi. Kaka yako alikuwa na haki ya kuchoka nayo, mama wa miaka 74 akiteleza uani ni msiba. Fanyeni hivi. Kateni ukanda wa zege wenye upana wa sentimita 50 hadi 60 kando ya kila ukuta, toeni kifusi, jazeni kokoto safi zisizo na vumbi. Hapo ukuta utapata pa kupumulia chini, na matone yakianguka kwenye kokoto hayaruki. Katikati, kama fedha zitatosha, ondoeni zege lililobaki mlaze mawe bapa juu ya mchanga, viungo vya chokaa, yakiteremka sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye mfereji na siyo kuelekea jikoni. Fedha zisipotosha, anzeni na ukanda, katikati pangoje. Mlangoni kwa mama hadi jikoni wekeni njia ya mawe yaliyo sawasawa, yenye uso wa kukwaruza kidogo, na upana wa kutosha mtu kupita naye amemshika mkono.

Bati la ua ni gumu zaidi, maana linafanya kazi mbili kwa pamoja, moja njema na moja mbaya. Ua wa nyumba za kwetu ni bomba la hewa. Joto hupanda kupitia humo na kuvuta hewa ya baridi kutoka milango ya chini iliyo kivulini. Kuuziba juu ni kuziba pua. Mama alipokwambia hewa imesimama alikueleza hitilafu yenyewe kwa maneno mawili, bila kupanda ngazi. Kama jikoni panaingia mvua, jengeeni jikoni kibaraza cha bati chenye gata lake, na la juu ya ua mliondoe kabisa. Kaka akikataa kabisa, basi bati liinuliwe juu ya vinguzo, pabaki uwazi wa sentimita 60 au zaidi pande zote baina yake na kuta, na maji yake yaingie kwenye gata. Mvua itazuiwa kwa sehemu kubwa, joto litatoka. Nakuambia lakini kwamba kuondoa ni bora.

Miti sasa. Ua kama huo haufai mwembe wala mfenesi, mizizi itaingia chini ya msingi. Mkomamanga ni mti mdogo, bibi yako alijua anachopanda. Mndimu unakaa. Asumini na mrihani vikae vyunguni, na vyungu visiegemee ukuta. Acheni nafasi ya kupita ufagio nyuma yake, kwani kumwagilia chungu kilichogusana na ukuta ni kuumwagilia ukuta.

Ukuta wa sebule usivunjwe. Hapa sitoi rai, natoa onyo. Ingia sebuleni, tazama juu. Zile boriti za mikoko zinakwenda upana wa chumba, na ncha zake zimekalia kuta mbili ndefu. Vyumba vya nyumba zetu ni vyembamba kwa sababu boriti haiendi mbali, mita 2.5 hadi karibu na 3 ndio ukomo wake. Juu ya boriti kuna mawe, na juu ya mawe kuna zege la chokaa, mzigo mzito sana. Kama ukuta baina ya sebule na chumba cha wageni ndio uliokaliwa na boriti za vyumba viwili, ukiuvunja unaziangusha dari mbili pamoja na ghorofa zilizo juu. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati, jengo la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883 ambalo sote tulidhani halitikisiki. Tangu siku hiyo mtu wa Mji Mkongwe akinitajia kuvunja ukuta wa ndani, moyo unanipasuka. Hata kama boriti hazikuukalia, ukuta wa kukata huwa unazifunga kuta ndefu zisipanuke. Mlango mpana kidogo wenye tao huenda ukawezekana, lakini mpaka mhandisi anayezijua nyumba za mawe afike autazame, na autie mkono kwenye karatasi.

Tena kinachokosekana sebuleni si upana. Sofa moja ya kisasa ina kina cha karibu sentimita 90. Weka mbili zikitazamana kwenye chumba cha mita 2.7, njia iliyobaki ni sentimita 90, na meza haijaingia. Chumba chembamba na kirefu kilitengenezwa kwa mikeka, mito na baraza. Jengeni baraza la mbao lenye upana wa sentimita 55 kwenye ukuta mmoja mrefu, liachwe na vidole viwili vya hewa nyuma, litiwe magodoro na mito. Litakaa watu kumi na chini yake mtaweka vitu. Zidaka zenu, vile vishubaka vya ukutani, kama hamkuviziba kwa saruji, ndiyo makabati. Kuta zikipakwa chokaa nyeupe na ua ukifunguliwa, mwanga utaingia na chumba kitaonekana kimepanuka bila nyundo kugusa jiwe. Sofa ziuzwe zikiwa bado mpya.

Bafu la wifi yako linawezekana, kwa sharti likae juu ya bafu la chini, kwenye kona ya ua, na mabomba yateremke nje ya ukuta mahali yanapoonekana. Likiwekwa katikati ya nyumba juu ya boriti, siku litakapovuja hamtajua mpaka boriti iwe imeoza.

Kazi hizi karibu zote zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985 kwa ajili ya nyumba kama yenu, na mji wenyewe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Watu wanaikwepa wakidhani ni kero. Nendeni mapema na picha na mchoro wa mkono. Waulizeni pia waashi wa chokaa wanaofanya kazi nzuri, halafu mkazitazame kazi walizozimaliza miaka mitatu nyuma. Kazi ya mwezi uliopita haikwambii kitu, hata plasta yako ya saruji ilipendeza mwezi wa kwanza.

Sasa fedha za kutuma mara moja. Ningekuwa wewe ningezigawa hivi: gata, mabomba na paa kwanza hadi vikamilike, ukanda wa kokoto na bati la ua pili, kubandua saruji chumbani kwa mama tu, tatu. Basi. Plasta, mawe ya ua, baraza, vyote vingoje. Kwa miezi minne haiwezekani kukausha na kupiga plasta, na anayekuahidi kwamba inawezekana kabla ya harusi anakuuzia saruji kwa jina jingine. Wageni watakuta chumba kimoja kina mawe wazi yaliyofagiwa. Kitundikieni kanga za bi harusi kwenye kamba, mbali na ukuta kidogo, na wanawake wakae uani penye hewa, taa zikiwa zimetundikwa. Harusi nyingi za Kiponda zimefanywa uani kabla hatujajua sofa.

Mama asilale katika chumba hicho wakati saruji inabanduliwa, vumbi lake ni baya kwa kifua kinachokohoa. Ahamie chumba kikavu kuliko vyote hukohuko chini, ngazi za nyumba zetu ni za kusimama na si za umri wake. Na apelekwe kwa daktari wiki hii, wasingoje ukuta ukauke. Ukungu unakera kifua, lakini kikohozi cha usiku kwa mtu wa miaka 74 kina sababu nyingi na ni daktari wa kuzitafuta.

Limebaki la kaka yako. Amekwambia huyaoni anayoyaona, na kweli huyaoni. Yeye ndiye anayekung'uta matope, anayepokea mafundi alfajiri, anayemsikia mama akikohoa nyuma ya mlango. Usimpelekee barua hii kama hati ya mashtaka. Mwambie umeuliza, umeambiwa kuna jaribio la vipande vitatu, na unaomba alifanye yeye kwa sababu wewe hupo. Zege lake la ua alilimwaga ili mama asianguke. Lianze kutajwa hivyo, ndipo litajwe la kukata ukanda.

Na mama aliposema "fanyeni mnavyoona", mimi nilisikia mtu ambaye hajaulizwa siku nyingi. Nyumba ni yake. Ndiye anayekumbuka maji ya masika yalikuwa yanapita wapi uani, ukuta upi ulikuwa unalowa wakati wa bibi, chokaa ilikuwa inapakwa kila baada ya muda gani. Mpigie leo, usimuulize kuhusu vigae. Muulize mkomamanga ulikuwa umesimama upande gani wa ua, na kama anataka mwingine upandwe palepale au pengine. Atakapokujibu mahali, mwambie kaka achore duara hapo kwa chaki juu ya zege, ili fundi atakapokuja kukata ukanda apakate na hapo pia.